Konokono wa Nusu Pipa: Hesabu ya Magugu, Vidonge na Toroli Kisiwani Takawiri

Nilihesabu mara mbili. Walikuwa 63.

Pipa la plastiki la bluu, lile linalobeba lita 200 likiwa zima, lilikuwa limekatwa nusu na kuwekwa kando ya mlango wa mwenyeji wangu kisiwani Takawiri katika Ziwa Victoria, kati ya Rusinga na Mfangano, safari ya boti kutoka Mbita. Mama huyo alilijaza maji ya ziwa, akatia mayungiyungi mawili aliyong'oa ufuoni pamoja na mizizi na tope lake, kisha akaongeza gugu maji moja kwa sababu alipenda ua lake la zambarau. Wiki ya sita pipa likawa na wakazi wengine.

"Mwalimu, mimi nilileta maua," aliniambia. "Hawa wameletwa na nani?"

Jibu lilikuwa chini ya jani. Niligeuza yungiyungi moja nikaona donge la ute, bapa, linang'aa kama gundi ambayo haijakauka vizuri, upana wake haufikii ukucha wa kidole cha mwisho. Ndani yake vilijipanga vidoto vya manjano. Nilivigusa kimoja kimoja kwa njiti ya kibiriti: 22. Kila kidoto ni yai. Konokono wa jamii hii hutaga mayai 5 hadi 40 katika donge moja, na mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 8. Mtoto huanza kutaga akiwa na umri wa wiki 4 hadi 7. Maisha yake yaweza kupita mwaka mmoja, na katika muda huo konokono mmoja hutaga hadi mayai 1,000. Tena si lazima apate mwenzi. Kila mmoja ana viungo vya kike na vya kiume, na akiwa peke yake hujirutubisha.

Ukiwa na tarakimu hizo unaweza kulisoma pipa kama daftari la duka. Kati ya wale 63, watatu walikuwa na upana wa sentimita 1 hivi. Wale 60 waliobaki walikuwa wadogo kama punje ya dengu au chini ya hapo. Donge moja halitoi watoto 60. Kwa hiyo wakubwa watatu walikuja wameng'ang'ania mizizi, wakataga madonge mawili matatu, na tulichokuwa tunakiona ni kizazi cha kwanza, kimebakiza wiki chache nacho kianze kutaga. Kama wote 63 wangetaga na kila mmoja akaacha watoto 20 tu walio hai, wangezaliwa 1,260.

Wasingefika huko, kwa kuwa mimea mitatu haiwezi kulisha konokono elfu moja. Wanakula utando wa kijani na majani yanayooza, na hicho chakula ndicho kinachoamua idadi yao. Jambo hili ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu kilicho kweli katika lita 100 mlangoni ni kweli pia pale chini wanapochotea maji.

Kwanza tuwatambue. Konokono wengi wa maji hawana madhara kwa mtu. Wale wa mama walikuwa bapa, wamejikunja kama kamba ya boti iliyoviringishwa sakafuni, bila ncha yoyote. Umbo hilo ni la Biomphalaria, jamii inayobeba kichocho cha tumbo katika Ziwa Victoria. Ukimkuta mwenye ncha, mshike ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama. Mdomo ukiwa kushoto, yaelekea ni Bulinus, ambaye baadhi ya aina zake hubeba kichocho cha mkojo. Ukiwa kulia, huenda ni yule anayebeba mnyoo wa ini wa ng'ombe na kondoo. Kipimo hiki ni cha macho tu, ila kinasaidia. Na usimponde kwa vidole ili umjue.

Konokono huzaliwa msafi, na ugonjwa anaupata kwetu. Mgonjwa anapojisaidia ufuoni, mayai ya mnyoo huingia majini na kuanguliwa, na lava anayetoka ana muda wa siku moja au pungufu kumpata konokono anayemfaa. Akimkosa, anakufa. Akimpata, baada ya wiki 4 hadi 6 konokono yule huanza kutoa lava wengine, wenye mkia, kwa mamia na pengine maelfu kila siku. Hao hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Chukua lava 1,000 kwa siku kwa muda wa siku 30: konokono mmoja ametoa 30,000, na wote wametokana na lava mmoja aliyemwingia. Ndani ya mwili wa mtu, minyoo hukomaa na kuishi kwa jozi, na jozi moja yaweza kutaga hadi mayai 300 kwa siku kwa miaka 3 hadi 10. Karibu nusu ya mayai hayo hayatoki. Hunasa kwenye utumbo na ini, na hapo ndipo yanapotokea maumivu ya tumbo, damu kwenye choo, ini linalovimba na mtoto anayedumaa.

Shirika la Afya Duniani huyaita maambukizi kuwa makali pale gramu 1 ya choo inapokuwa na mayai 400 au zaidi. Mtu wa namna hiyo akitoa gramu 100 tu kwa siku, ametoa mayai 40,000. Choo cha shimo kinachotumika kwa siku moja, na mtu mmoja, kimezuia mayai 40,000 yasifike ziwani. Sijui kifaa kingine cha kijijini chenye kazi kubwa kiasi hicho.

Mbita si mahali pa kubahatisha kuhusu ugonjwa huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliopita katika shule za msingi 84 za Mbita na visiwa vya jirani, ulikuta watoto 6 hivi kati ya kila 10 wana kichocho cha tumbo. Duniani kote, mwaka 2021, watu milioni 251.4 walihitaji dawa ya kinga ya kichocho, na waliopewa walikuwa milioni 75.3. Wengi kabisa wa wenye kuhitaji wako Afrika.

Sasa lile gugu la zambarau. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambaa duniani likibebwa na watu waliolipenda kama mama alivyolipenda, wakaliweka kwenye mabwawa ya bustani zao. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika hali nzuri huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Anza na mche mmoja: baada ya wiki 20 una miche 1,024, na baada ya wiki 40, kama nafasi na mbolea havijaisha, una zaidi ya milioni moja. Mwaka 1998 magugu yalifunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Hizo ni kilomita za mraba 170. Hekta moja ya magugu yaliyobanana yaweza kuwa na uzito wa tani 200 na zaidi, kwa hiyo ghuba ilibeba kama tani milioni 3.4. Lori la tani 10 lingehitaji safari 340,000. Walioyapunguza ni wadudu, fukusi wawili wa jamii ya Neochetina walioachiwa miaka hiyo, wakisaidiwa na mvua na mawimbi ya El Niño. Mbegu zake hata hivyo zaweza kukaa topeni miaka 20 zikisubiri, na kila mwaka upepo unatembeza visiwa vya magugu kutoka ufuo hadi ufuo.

Kila kisiwa cha magugu kina mizizi, na kila mzizi ni ngazi, kivuli na chakula cha konokono. Lile pipa la mlangoni lilikuwa ziwa dogo hasa: mmea umekuja na abiria wake.

Watu wanapogundua konokono, wazo la kwanza huwa sumu. Tulipigie hesabu. Dawa ya kuulia konokono inayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani ni niklosamaidi, na kipimo chake ni gramu 0.4 hadi 1 kwa kila mita ya ujazo ya maji. Ghuba ndogo ya urefu wa mita 100, upana mita 50 na kina mita 1 ina mita za ujazo 5,000, yaani hadi kilo 5 za dawa. Mtu mmoja anazibeba mkononi. Lakini maji ya ziwa hayakai. Wimbi la jioni linayapeleka na kuleta mengine, na kesho unaanza upya. Ziwa lote lina kilomita za ujazo 2,760, na kwa gramu 1 kila mita lingetaka tani milioni 2.76. Na dawa hiyo inaua samaki. Kisiwa kinachokula na kusomesha watoto kwa omena, mbuta na ngege hakiwezi kulipa gharama hiyo hata kama dawa ingetolewa bure. Sumu ina mahali pake kwenye mabwawa na mifereji iliyofungika, si kwenye ufuo wa Takawiri.

Vidonge ni hesabu nyingine. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo, na shuleni hutumika fimbo ya kupimia urefu: mtoto wa sentimita 94 hadi 110 anameza kidonge 1, wa 138 hadi 150 anameza 2 na nusu, mtu wa 160 hadi 178 anameza 4. Merck ya Ujerumani imekuwa ikitoa vidonge hivi kwa msaada tangu 2007, na ahadi yake ni hadi milioni 250 kwa mwaka. Thamani ya kidonge hukadiriwa kuwa senti 8 za dola. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka kila mwenye umri wa miaka 2 na kuendelea atibiwe kila mwaka pale maambukizi yanapofikia asilimia 10. Kwa kijiji cha watu 1,000, kwa wastani wa vidonge 3, ni vidonge 3,000, dola 240. Ongeza usafiri wa boti, posho na daftari, tuseme gharama yote ni nusu dola kwa kila mtu: dola 500, ambazo kwa dola moja kuwa shilingi 130 hivi ni Sh65,000.

Ni bei nafuu mno kwa kuokoa maini ya watu 1,000, na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba kidonge kinaua minyoo iliyokomaa, hakigusi vizuri ile michanga, wala hakimkingi mtu anayeingia majini kesho yake. Mtoto anameza Jumatatu, Jumanne anatumwa maji. Kwa hiyo Sh65,000 hizo zinarudi kila mwaka, na zitaendelea kurudi maadamu konokono wa mahali pa kuchotea maji wana makao.

Nchini Senegali watafiti walifanya jaribio ambalo naona kila kaunti ya ziwa ingelisoma. Walichukua vijiji 16, wakaondoa magugu yaliyozama kwenye sehemu za kuchotea maji katika vijiji 8 na kuacha 8 vilivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: katika vijiji vilivyoachwa, maambukizi ya kichocho cha tumbo kwa watoto wa shule yalikuwa mara 1.46 ya yale ya vijiji vilivyosafishwa. Magugu yaliyotolewa yaligeuzwa mbolea na chakula cha mifugo. Ukijumlisha faida ya afya na ya mazao, kila shilingi iliyotumika kwenye mbolea hiyo iliweza kurudisha hadi 8.8. Magugu yao si yetu, wala maji yao si yetu, lakini kanuni ni ileile ya pipa: ondoa jani, umeondoa chakula na nyumba.

Nikachora mchangani mbele ya mama. Tuseme mahali pa kuchotea maji pana mita 20 kwa 5, na pamefunikwa pote. Hizo ni mita za mraba 100, na kwa kilo 20 kila mita ni kilo 2,000. Toroli la kilo 70 litakwenda safari 29. Watu wanne kwa siku moja, kwa ujira wa Sh600 kila mmoja (msomaji aweke bei ya kwao), ni Sh2,400. Hapo wengi huacha, wakafurahi, na wakarudi magugu yakishajaa tena.

Huwezi kung'oa yote. Tuseme umebakiza sehemu moja kwa kumi, kilo 200. Kwa kuongezeka maradufu kila wiki mbili, baada ya wiki 6 na nusu hivi pameshajaa. Ukisubiri hadi hapo ndipo usafishe tena, kila awamu utatoa kilo 1,800, safari 26, na utafanya hivyo mara 8 kwa mwaka: safari 208. Sasa usisubiri. Nenda kila wiki mbili, wakati zile kilo 200 zimekuwa 400, utoe 200 tu. Safari 3. Mara 26 kwa mwaka ni safari 78. Ufuo uleule, magugu yaleyale, kazi imepungua kwa zaidi ya nusu, na mtu mmoja anaimaliza asubuhi moja kabla ya chai ya saa nne. Kwa Sh300 kila awamu ni Sh7,800 kwa mwaka, pamoja na zile Sh2,400 za mwanzo ni Sh10,200.

Tena wiki mbili zinaangukia mahali pazuri katika maisha ya konokono. Yai huanguliwa kwa siku 6 hadi 8, mtoto huanza kutaga baada ya wiki 4 hadi 7. Anayesafisha kila wiki mbili hutoa sehemu kubwa ya madonge na watoto kabla hawajawa wazazi. Anayesafisha baada ya wiki 6 na nusu ameshaacha kizazi kizima kitage. Ratiba ndiyo dawa, kuliko nguvu za siku moja.

Anayeifanya kazi hiyo naye ni mtu. Avae gambuti na glavu, aanze alfajiri, kwa sababu lava wenye mkia hutoka kwa wingi jua linapopanda, hasa kuanzia saa nne hadi saa nane mchana. Na apewe vidonge vyake kwa mpango. Rundo la magugu lipelekwe mbali na wimbi, kwani Biomphalaria huweza kukaa nje ya maji wiki kadhaa akiwa hai. Akirudishwa na mvua ataendelea pale alipoachia.

Kuna jambo linalotia dosari hesabu yangu, nami silifichi. Ziwani humu kuna Biomphalaria wa aina mbili. Mmoja hukaa kwenye matete na magugu ya ukingoni, na huyo ndiye tunayemfukuza kwa toroli. Mwingine, choanomphala, huishi chini, kwenye mchanga na tope, hata mita kadhaa kwenda chini na hata pasipo jani lolote. Takawiri inasifika kwa mchanga wake mweupe na minazi, na wageni huuona ule mchanga wakadhani maji yake ni salama. Mchanga si hakikisho. Toroli linapunguza tu. Vidonge na vyoo vinabaki palepale, hasa vyoo, navyo ni vigumu kuchimba mahali ambapo shimo la mchanga linaporomoka. Wala ufuo haukai mahali pamoja: Mei 2020 ziwa lilipanda kupita rekodi yake ya 1964, likaingia kwenye fuo za watu, na penye nyasi za nchi kavu pakawa na nyasi za majini.

Nyumbani kuna jambo jingine la tarakimu. Lava wenye mkia hawaishi zaidi ya siku mbili bila kumpata mtu. Maji yaliyokaa saa 48 katika chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono, hayana tena kichocho, ingawa ya kunywa bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa dawa kwa ajili ya magonjwa mengine. Nyumba ya watu 6 wanaotumia lita 20 kila mmoja inahitaji lita 120 kwa siku. Ili kila siku watumie maji ya juzi, wanahitaji mapipa 3 ya zamu, au mitungi 18 ya lita 20. Aliyekwenda kuchota ameshalowa miguu, na hilo pipa haliwezi kulifuta. Lakini watoto wanaoogeshwa nyumbani wamepona siku hiyo.

Ndiyo maana lile pipa la maua lilinitia wasiwasi kuliko ukubwa wake. Konokono wenye maambukizi huwa wachache, na huenda katika wale watatu hakuwemo hata mmoja. Lakini kama angekuwemo, angetoa lava wake mchana wote, sentimita chache kutoka mkono wa mjukuu anayechezea maji.

Tuliyamwaga maji kwenye udongo nyuma ya nyumba, mbali na ziwa, na konokono tukawamwagia maji yanayochemka. Gugu maji likakaushwa juani, kisha likaenda motoni. Mayungiyungi tuliyasugua mizizi, tukakwangua madonge chini ya majani, nikapata sita, kisha tukayaweka kwenye ndoo ya maji ya mvua. Yatakaa humo wiki mbili, mama akigeuza majani kila siku ya tatu: donge lililotuponyoka litakuwa limeshaanguliwa, na watoto wataonekana kwenye ukuta wa ndoo. Wasipoonekana, pipa litajazwa maji ya mvua na maua yarudi mlangoni.

Siku ya tisa alinionyesha mmoja, mdogo kama kichwa cha pini, amejibandika chini ya mpini. Alimtoa kwa kijiko. Kisha akauliza tena kuhusu zile safari, kwamba ni tatu kila wiki mbili, sivyo? Nikamwambia ni tatu. Akaniambia toroli lake lipo ila gurudumu limetoboka, na fundi yuko Mbita, boti inaondoka Alhamisi.